Mkono wa Nne wa Nyumba ya Dundori

Kabla ya kuandika lolote ninaigawa karatasi hii kwa mstari mmoja katikati, kama nilivyozoea kufanya katika daftari langu la ukaguzi. Upande wa kushoto naweka niliyoyaona, niliyoyagusa na niliyoyapima. Upande wa kulia naweka niliyoambiwa. Kuhusu nyumba ya Dundori, upande wa kulia ulijaa siku ya kwanza, kabla hata sijafungua mkoba wa vifaa. Niliambiwa kwamba nyumba hiyo ina umri wa miaka mia nne. Kwamba ilisimama kwanza Uingereza, ikavunjwa kipande kwa kipande, kila kipande kikatiwa namba, ikaletwa kwa meli, kisha kwa garimoshi hadi Nakuru, kisha kwa magari ya ng'ombe hadi juu kule kwenye baridi. Niliambiwa pia kwamba inaanguka kwa sababu ardhi iliyo chini yake inapasuka. Upande wa kushoto uliandikwa jambo moja tu: nyumba imeinama kuelekea mashariki.

Ninyi mnaobaki katika ofisi ya ujenzi mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi. Sitaandika vyeo nilivyopata wala sababu za kunyimwa vingine. Hayo mnayajua, na baadhi yenu mnayajua vibaya. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kuitazama nyumba, kwa kuwa mwishoni nyumba moja ilitegemea kutazamwa vizuri, na mama mmoja hakutaka kukaa pengine isipokuwa humo.

Nilianza kazi kama mwanafunzi wa useremala katika karakana moja pembeni mwa mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, chini ya Sardar Harbhajan, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na alama nzuri za hesabu, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu analijua kabla ya chai ya saa nne. Sardar alinipa vipande vya fremu ya dirisha vilivyoandikwa namba kwa penseli, akaniambia niviunganishe kwa kufuata namba, kisha akaenda zake kununua gundi.

Niliviunganisha. Fremu ilikataa kufunga. Nilichukua nyundo ya mbao na kuanza kuishawishi, na hapo ndipo aliporudi.

"Wewe nafanya nini?"

"Napanga kwa namba, Sardarji."

"Namba gani?"

"Mbili, tatu, nane, tisa."

Alishika kilemba chake kwa mikono miwili. "Tisa wapi? Hii moja! Moja ya kwetu! Na hii nane yako iko wazi juu, naona? Hii nne. Moja, mbili, tatu, nne. Wewe alisoma shule gani, ya kuku?"

Alikuwa ameandika kwa tarakimu za Kipunjabi, alizofundishwa na baba yake. Mbili na tatu za kwao zafanana na zetu kiasi cha kumpoteza mtu anayejiamini. Moja yao ina kichwa cha mviringo na mkia, kama tisa. Nne yao ni kama nane ambayo mwandishi aliikatisha kabla ya kuifunga juu. Tano ni kama herufi y. Nilizijua zote kabla ya chakula cha mchana, lakini kwa muda wa miaka miwili mafundi wa karakana ile waliniita Tisa. "Tisa, lete patasi." "Tisa, boss anakuita." Sikuwahi tena kutaja alama zangu za hesabu.

Mafunzo makubwa ya Sardar hayakuhitaji maneno mengi. Siku moja alichukua fito nne na vigingi vinne, akaunda mraba, akausukuma kwa kidole. Mraba ule ulilala chini kama ngamia anayepiga magoti. Akauinua, akaongeza ufito mmoja wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, akaniambia nisukume. Nikasukuma kwa kiganja, kisha kwa mikono miwili. Haukuenda popote.

"Ukuta ya mawe nasimama sababu ni mzito," alisema. "Nyumba ya mbao nasimama sababu nashikana. Nguzo, boriti, na hii." Aligonga ule wa mshazari. "Hii ni mkono. Toa mkono, nyumba nalala. Lakini hapana lala leo. Nangoja wewe usahau, halafu nalala."

Hapa pana jambo ambalo wajenzi wa siku hizi, waliolelewa na mawe na simiti, hulisahau. Nyumba ya mbao ya mtindo wa Kiingereza, ile yenye mistari myeusi na kuta nyeupe, haikuwekwa mistari ile kwa urembo. Mistari ndiyo nyumba yenyewe. Nguzo huingia katika boriti kwa ulimi na tundu, kigingi cha mbao hupigwa kupita katikati, na msumari hautakiwi. Nafasi zinazobaki kati ya mbao hujazwa tu, ili upepo usipite. Nilipofungua ukuta wa namna hiyo kwa mara ya kwanza, nilikuta fito zilizosukwa na kukandikwa udongo wenye majani makavu. Nilicheka peke yangu. Ndivyo bibi yangu alivyojenga jiko lake, na hakuna aliyewahi kuja kulipiga picha.

Nilipoingia serikalini kama mkaguzi wa majengo, Sardar alinipa timazi lake la shaba la kupimia wima wa nguzo, pamoja na kibao cha kuzungushia kamba yake, kibao kilichokuwa cheusi kwa jasho la mikono. Upande mmoja wa kibao palikuwa pamechongwa tarakimu zao kuanzia moja hadi tisa, kama mtu aliyekuwa akijizoeza. Alisema ni kazi ya baba yake. Akaongeza kwamba baba yake alijenga nyumba kubwa ya mbao huko Dundori kabla yeye hajazaliwa.

"Nani alishuhudia?" nilimuuliza. Nilikuwa na barua mpya ya kazi mfukoni.

"Mama aliniambia."

"Basi huo ni uvumi, Sardarji."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka hadi akakohoa. "Sawa, bwana hakimu. Chukua timazi. Hii hapana sema uvumi."

Ningependa kusema kwamba niliheshimu zawadi hiyo tangu siku ile. Ukweli ni kwamba katika miaka yangu ya kwanza niliiacha mkobani mara nyingi. Kule Keringet palikuwa na nyumba ya mbao ya namna hiyohiyo, tupu, juu ya shamba la mtu. Majirani waliniambia kwamba hutikisika usiku wa upepo na kwamba nguzo zake zimeliwa na mchwa hadi ndani. Niliisikiliza hadithi nikiwa mlangoni, nikaona ukuta wenye ufa, mvua ikaanza kunyesha, nikaandika: hatari, ibomolewe. Sikuingia.

Siku ya kubomoa walileta trekta na mnyororo. Trekta lilivuta tangu asubuhi hadi watu wakaenda kula na kurudi. Nyumba ililia, ikanyooka, ikarudi mahali pake. Hatimaye ilibidi wapande juu na kuikata kwa misumeno, nguzo moja baada ya nyingine. Nilisimama pale nikiwa na faili kwapani. Sardar, aliyekuwa amekuja kununua mbao za mabaki, aliinama akagonga nguzo moja kwa mpini wa patasi. Mlio wake ulikuwa mkavu na safi. Akagonga nyingine, na nyingine. Hakukuwa na mchwa. Ufa niliouona ulikuwa wa plasta ya simiti ambayo mtu aliipaka juu ya udongo.

"Barasa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu mbele ya watu, "wewe alizika mzima."

Tangu siku hiyo nina daftari lenye mstari katikati.

Nakuja sasa kwa Dundori, kazi yangu ya mwisho. Shamba lile lilinunuliwa kwa pamoja na familia kadhaa baada ya uhuru, likagawanywa, na nyumba kubwa ikawa fungu la marehemu mume wa Mama Njeri kwa sababu wengine waliiogopa baridi yake. Yeye ni mjane mwenye umri wa kunizidi kwa karibu miaka ishirini, mkulima wa viazi, mwenye ng'ombe watatu na ulimi mmoja unaotosha ofisi nzima. Baada ya mvua ndefu kuipiga upande mmoja mwezi mzima, nyumba ilianza kuinama hadi milango ya juu ikagoma kufunga. Jirani alipiga ripoti. Injinia wetu, Chebet, alifika, akatazama, akaandaa amri ya kubomoa. Ilibaki sahihi ya mkaguzi, yaani yangu, na ilitakiwa Ijumaa.

Sitaki mtu amlaumu Injinia Chebet. Ana umri wa binti yangu na akili ya kunizidi, na alichokiogopa kilistahili kuogopwa.

"Mzee Barasa, mimi naogopa kitu moja tu," aliniambia tukiwa njiani. "Kuna ufa kwa barabara mita mia mbili kutoka kwa hiyo nyumba. Kama ardhi inafunguka, hiyo nyumba itamwangukia huyo mama akiwa amelala. Na ni mimi nitaenda kwa mazishi."

"Umepima ardhi?"

"Nimeona ufa."

"Hiyo ni barabara."

Alifungua tena picha alizopiga, akazitazama moja moja. Alikuwa akilifikiria jambo hilo, na ndiyo sababu nilimpenda.

Tulimkuta Mama Njeri ameketi mlangoni akimenya viazi, akiwa amevaa koti la mumewe. Mwanawe Kimani, mwenye duka la simu mjini, alikuwa amekuja kumchukua. Alikuwa amemkodishia chumba huko Bondeni, chumba kizuri, alisema, chenye maji ndani.

"Na ng'ombe wangu watalala kwa simu zako?" Mama Njeri aliuliza bila kuinua macho. Kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye kijana wa serikali wa kuja kunivunjia?"

Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Nilikubali kuwa kijana. "Nimekuja kupima, Mama."

"Huyu mwingine naye alipima kwa macho," alisema akimwonyesha Chebet kwa kisu. "Akapiga picha tatu akaenda. Hata chai hakukunywa."

Kimani alinitembeza ndani kwa fahari ya mtu anayeonyesha maiti wa ukoo mkubwa. Alinionyesha mistari myeusi, dari ya chini, ngazi inayolia, na paa ambalo sasa ni la mabati ingawa mashimo ya vigingi yanaonyesha kwamba zamani lilikuwa la vigae vya mbao. Kisha akanionyesha namba.

"Hizi ndizo namba za meli, Mzee. Ona: tisa, mbili, tatu. Hapa tena: tisa, mbili, tatu, nane. Wazungu hawakuwa na mchezo. Kila kipande kilipewa namba yake kule Uingereza, kikaletwa. Miaka mia nne!"

"Nani alikuambia?"

"Kila mtu anajua."

Nikaandika upande wa kulia.

Kisha nikakwangua mbao kidogo kwa kisu, mahali palipofichika, nikanusa. Ilinukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Ninyi nyote mnaujua mti huo hata kama hamjui kwamba mnaujua: ni mtarakwa, ambao posti zake zimeshikilia seng'enge za mashamba yote kutoka Dundori hadi Mau. Nimesoma kwamba nyumba za kale za Uingereza zilijengwa kwa mwaloni, mti mgumu wa kwao. Sijafika huko, kwa hiyo hilo linabaki upande wa kulia. Lakini mtarakwa nimeupiga randa miaka mingi, na pua yangu naweza kuiapisha. Mbao zile hazikupanda meli yoyote.

Kuhusu namba, nilisimama mbele yake muda mrefu kiasi kwamba Kimani alienda kupokea simu akarudi akanikuta palepale. Nimesoma pia kwamba maseremala wa Kiingereza walitia alama kwa mapigo yaliyonyooka, kwa kuwa patasi bapa haipendi mviringo. Hizi zilikuwa na mviringo, zimechongwa kwa patasi ya mdomo wa duara, taratibu, na mtu asiyekuwa na haraka. Tisa, mbili, tatu, nane. Na ile nane ilikuwa wazi juu.

Nilijisikia kijana wa miaka kumi na tisa mwenye nyundo ya mbao mkononi.

"Kimani," nilisema, "hii si tisa."

Nilitoa mkobani kile kibao cha timazi nikakishika kando ya ukuta. Moja ya kibaoni na moja ya ukutani zilikuwa na kichwa kilekile na mkia uleule. Chebet alikuja akatazama juu ya bega langu. Nilimweleza tarakimu zile, nikamweleza na kwa nini niliitwa Tisa, jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu yeyote ofisini. Alicheka sana, kwa furaha isiyokuwa na heshima, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Kwa hivyo zinafuatana," alisema. "Si namba za mzigo. Ni mikono ya ukuta. Mmoja, wa pili, wa tatu..."

"Zihesabu."

Tulizunguka nyumba nzima. Kila ukuta mkubwa ulikuwa na mikono yake ya mshazari, na kila mmoja ulibeba namba yake chini ya kiungo, sawasawa na namba iliyo kwenye nguzo yake. Ukuta wa magharibi: moja, mbili, tatu, nne. Wa kusini na wa mashariki vivyo hivyo, moja hadi nne. Ukuta wa kaskazini, ulioko kati ya jiko na chumba cha kulala, ulikuwa mrefu zaidi na ulipaswa kuwa na mikono mitano. Chebet aliisoma kwa sauti, akigusa kila mmoja kwa kidole: "Moja. Mbili. Tatu." Akapita kwenye mlango wenye plasta ya simiti pande zote mbili. "Tano."

Alirudi nyuma hatua moja. "Nne iko wapi?"

Nilitoka nje kwanza. Kabla mtu hajaanza kufurahi, ardhi ilikuwa bado na kesi ya kujibu. Nilichukua mpira mrefu wa plastiki uliojaa maji, Chebet akashika ncha moja na mimi nyingine, tukazunguka boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi wa mawe. Maji hayana jamaa wala rafiki. Pembe zote nne zilikuwa sawa, tofauti isiyozidi unene wa kidole changu cha mwisho. Msingi haukuwa umezama popote. Kisha nikatundika timazi kwenye nguzo za juu. Zote zilikuwa zimeinama upande mmoja, kwa kiasi kilekile, kama ule mraba wa fito uliosukumwa kwa kidole. Ardhi haikuwa inafunguka. Nyumba ilikuwa imeachia mkono.

Tuliporudi jikoni, Mama Njeri alikuwa ameacha viazi. Alisimama katika ule mlango wenye simiti, amekamata fremu upande huu na huu, kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Hapa hamvunji."

"Mama, nataka kubandua plasta kidogo tu."

"Nimesema hapa hamvunji. Vunjeni kule kwingine kwote mnakotaka."

Kimani alisema, "Mum, huyu mzee anajaribu kukusaidia."

"Nyamaza wewe. Ulikuwa mtoto wa nepi."

Nimekagua nyumba nyingi, na nimejifunza kwamba mtu akiulinda ukuta mmoja, anajua kilichomo. Sikumsukuma. Nilivuta kigoda, nikaomba ile chai ambayo Chebet hakukunywa. Alitutengenezea kwa hasira, ikawa nzuri. Nilipofika nusu ya kikombe ndipo alipozungumza, na alizungumza akilitazama jiko.

"Mama mkwe wangu alipooza. Alilala chumba hicho. Ilikuwa lazima uzunguke nje ndipo umfikie, na hapa juu baridi unaijua. Alikuwa akilia anataka kuona moto. Tu. Anataka kuona moto na watu." Alijipangusa kwa pindo la koti. "Mume wangu akasema, nitakata mlango. Akafungua ukuta, akakuta hiyo mti imelala katikati. Fundi mmoja wa Kalasinga alikuwa amewahi kutuambia hiyo mti isiguswe. Mume wangu aliikata. Jioni hiyo tukageuza kitanda, mama akaona moto. Aliishi miaka mitatu akiuona."



"Halafu nyumba ikaanza kulia. Akaweka simiti. Akaniapisha nisiseme, kwa sababu wenzake wangemcheka kwamba alipewa nyumba ya mzungu akaiharibu. Sasa mkiandika kwa karatasi zenu, mtaandika ni yeye aliangusha nyumba."

Nilimwambia kweli kama ninavyoiandika hapa. "Nitaandika kwamba mkono wa nne haupo. Nani aliuondoa sikumwona."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akipima kama natania. Baadaye mtamwuliza Chebet. Atawaambia kwamba huwa sitanii.

"Uko," alisema Mama Njeri. "Haukutupwa. Mti kama huo unatupwa?"

Alitupeleka nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku. Ulikuwa umelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kuku walikuwa wameulalia miaka yote hiyo. Kimani, aliyekuwa na viatu vyeupe, ndiye aliyeingia kuutoa, huku mama yake akimwambia asiwatishe wanaotaga. Tuliuosha kwa maji ya moto na brashi. Chini ya uchafu mbao ilikuwa nyekundu na nzima, na karibu na ncha moja palikuwa na tarakimu iliyochongwa kwa patasi ya duara: nane iliyoachwa wazi juu.

"Kumbe kuku ndio walikuwa walinzi," alisema Chebet.

"Hao wako na kazi kuliko ofisi yenu," alijibu Mama Njeri.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi Chebet aliandika upya ripoti yake yote, akafuta neno ardhi, akaja na makadirio ya uzito na miimo ya kuegemeza ambayo mimi nisingeweza kuyafanya. Ijumaa sikuitia sahihi amri ya kubomoa. Nilitia sahihi kibali cha matengenezo, na yeye akatia yake juu ya yangu. Alinionya kwamba tukikosea jina lake ndilo litakaloanza. Nilimwambia kwamba ndivyo sahihi zinavyofanya kazi.

Kazi yenyewe naieleza kwa wale watakaokutana na nyumba kama hiyo. Msiisukume. Tuliegemeza boriti za juu kwa miimo, tukabandua simiti yote, kwa kuwa simiti hufungia maji ndani ya mbao kama mfuko wa plastiki, na tukakuta unyevu umeanza kuila nguzo moja kwa upana wa kiganja. Tulifunga waya mnene na winchi ya mkono, tukaivuta nyumba kidogo asubuhi na kidogo jioni, tukaiacha ipumzike. Kwa siku kumi na moja ililia kila tulipovuta. Mama Njeri aliijibu kutoka jikoni, kwa Kikuyu, na sitatafsiri.

Mume wake alikuwa ameukata mkono ncha zote mbili, na ndimi zikabaki ndani ya matundu zikiwa zimeshikwa na vigingi vyake. Sikuzitoa. Tulichonga vipande vya mtarakwa vya kuziungia, tukavilaza kwa mkato mrefu wa mshazari, tukapiga vigingi. Mlango ilibidi uhame. Nilimwonyesha Mama Njeri nafasi kati ya mkono wa pili na wa tatu, ambapo hakuna kitu cha kukatwa. Alisimama pale, akageuza kichwa kuelekea mahali kilipokuwa kitanda, akageuza tena kuelekea jiko.

"Kutoka hapa pia moto unaonekana," alisema.

Tukakata hapo.

Kabla ya kuufunika ukuta kwa fito na udongo, Mama Njeri alinishika mkono na kuniuliza kama yule baba wa fundi wangu ndiye aliyeijenga nyumba yake. Nilikuwa nimekilinganisha kibao na mkono wa nne mara nyingi, asubuhi na mchana. Nne zile mbili zinafanana, hata kwa ile ncha ndogo iliyokatwa kushuka kushoto. Lakini mimi si mtaalamu wa miandiko. Kwamba kibao kilikuwa cha baba yake niliambiwa na Sardar, na Sardar aliambiwa na mama yake. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyeijenga alihesabu kwa Kipunjabi, alitumia mti wa huku, na alijua vizuri alichokuwa akifanya.

"Sijui, Mama."

"Si useme tu ndiyo? Ameshakufa, atafurahi."

"Sikuona."

"Wewe ni mgumu kama huo mti," alisema. Hata hivyo alituletea chai, na kwa mara ya kwanza akanitilia sukari bila kuniuliza.

Namkumbuka Sardar akicheka hadi kukohoa siku ile nilipoyaita maneno yake uvumi. Laiti angekuwa hai ningempeleka Dundori nikamwonyesha. Nisingemwambia kwamba alisema kweli. Ningemkabidhi kibao, nikamwonyesha ukuta, nikanyamaza, na nadhani angeelewa kwamba kwa mtu kama mimi huko ndiko kuomba radhi.

Nyumba ilikaa mvua fupi zote bila miimo. Siku yangu ya mwisho kazini, badala ya keki mliyoniandalia ofisini, ambayo naambiwa ilikuwa tamu, nilipanda Dundori na Chebet. Mama Njeri alikuwa akilala chumba chake, na ng'ombe wake walikuwa wanne. Kimani alikuwa amekirudisha chumba cha Bondeni. Bado anawaambia wageni kwamba nyumba ilitoka Uingereza, ingawa nimekwisha kumwonya.

Nilitundika timazi la Sardar kwenye nguzo ya kaskazini, juu ya mkono wa nne, mahali nilipokuwa nimechora mstari wa penseli siku tuliyoondoa winchi. Upepo ulivuma, tukangoja. Shaba ikazungukazunguka, ikapunguza, ikatulia. Nilimwambia Chebet asome, kisha nikasoma mwenyewe, kisha tukamwita Mama Njeri naye akasoma, akiwa na kisu cha viazi mkononi. Ncha ilisimama juu ya mstari wa penseli, si kushoto, si kulia.